Sufuria ya umeme ni nzuri, ila maji ya Mwanza hayafiki mia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua huwa mnazipunguza ili ziingie, lakini hii nawasihi msiikate katikati, kwa sababu mtu akiisoma nusu anaweza kuingia jikoni na nusu hiyo hiyo ikamletea balaa.

Wiki mbili zilizopita mlitoa makala kwenye ukurasa wa mapishi kuhusu sufuria za umeme za kusindikia vyakula, hizi ndefu zenye koki chini kama dramu la chai la kwenye harusi. Mliisifia, na mimi naisifia. Ila mliandika kwamba ukishapanga chupa zako na kuzichemsha nusu saa, chakula chochote kitakaa mwaka mzima. Nilisoma hapo hapo gengeni kwangu Nyegezi, nikarudia, kisha nikaliweka gazeti pembeni nisije nikalifungia vitunguu kama ninavyofanya mengine (mtanisamehe). Hiyo "nusu saa" na hicho "chakula chochote" ndivyo vilivyonishikisha kalamu.

Mimi nauza achari na jemu, mwaka wa kumi na moja sasa. Embe mbichi, ndimu, pilipili, nanasi. Sufuria yenyewe niliipata kwa mdogo wangu aliyeolewa Ujerumani. Alikuja nayo likizo, ameijaza nguo za watoto ndani ili isipondeke kwenye ndege. Inaingia lita 27, inakula wati 1,800, na kwa bahati umeme wa kule ni volti 230 kama wetu, hivyo tulichobadilisha ni plagi tu. Wanaoletewa za kutoka Marekani wajue kule ni volti 120. Ukiichomeka hivi hivi ukutani, utanusa moshi kabla hujaona mvuke.

Siku ya kwanza nilinunua ndoo ndogo ya nyanya, zile za kutoka Magu, zimeiva mpaka zinapasuka zenyewe. Nikazitumbukiza kwenye maji ya moto kidogo, nikazimenya, nikazikata, nikaziponda na kuzichemsha, nikajaza chupa kumi na mbili za nusu lita. Chupa zenyewe ni za Kijerumani pia, zina mfuniko wa kioo, pete ya mpira mwekundu na vibanio viwili vya chuma. Kijitabu kilikuwa cha Kijerumani lakini mdogo wangu alikuwa ameniandikia kwa kalamu pembeni: zungusha kitasa cha joto mpaka 100, zungusha cha dakika, ikifika joto lake yenyewe itaanza kuhesabu, ikimaliza itazima na kupiga kengele. Nikaona hapa nimepata mfanyakazi asiyeomba ruhusa.

Niliwasha saa nne asubuhi. Saa tano na robo maji yakaanza kutokota. Kifuniko kinacheza, mvuke umejaa jikoni, kioo cha dirisha kinalia machozi. Nikasubiri saa ianze kuhesabu. Kimya. Saa tano na nusu, kimya. Jirani yangu akaja kuazima kinu, akaacha habari ya kinu akakaa kwenye kigoda kuangalia na yeye. Kitaa chekundu kinawaka, kisahani cha dakika kimesimama pale pale nilipokiweka. Jirani akasema, "Mama, labda inahesabu moyoni." Saa sita na nusu nikaenda kuangalia LUKU. Asubuhi nilikuwa na uniti kumi na moja na ushee, sasa zimebaki sita na kitu. Nikadhani nimeletewa kitu kibovu kutoka mbali.

Aliyeniokoa ni mpangaji wangu wa chumba cha uani, kijana anayefanya kazi maabara. Alikuja mchana kula, akatukuta tumekodoa macho kama watu wanaosubiri meli ya Ukerewe. Akaingia chumbani kwake, akatoka na kipimajoto kirefu cha kioo, akakichovya. Maji yanaruka, mapovu makubwa, yanachemka kabisa, na kipimajoto kimesimama kwenye 96. Akangoja. Kikabaki 96. Akacheka, akaniambia, "Mama, hii sufuria inasubiri mia, na mia haitakuja hapa hata ukeshe."

Ndugu Mhariri, hili shuleni tulifundishwa, tukalijibu kwenye mtihani, tukalisahau. Maji huchemka nyuzi 100 usawa wa bahari. Ziwa letu lenyewe liko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,130, na sisi wa vilimani tuko juu zaidi ya hapo. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, maji yanapata urahisi wa kuruka, na kila mita 300 hivi unapoteza karibu nyuzi moja. Kwa hiyo Dar es Salaam wanachemsha kwa mia, sisi tunachemsha kwa tisini na sita, na moto uongeze vipi hautapita hapo. Kitakachozidi ni mvuke tu. Sufuria yangu imetengenezwa na watu waliodhani kila jiko liko karibu na bahari.

Mimi nilimjibu kijana wa watu, nyuzi nne ni nini? Ukidaiwa elfu kumi ukalipa elfu tisa na mia sita, nani atakupeleka kwa mjumbe? Akanyamaza, ana adabu. Zile nyanya za siku ile zilikuwa zimechemka saa nzima na robo, zikawa kama uji, lakini zilikaa. Mkupuo uliofuata ndio ulionitia akilini. Safari hii niliacha kitasa kwenye 100 ili moto usijizime, nikahesabu dakika kwa simu, thelathini na tano kama alivyoandika mdogo wangu kwa nyanya za nusu lita. Wiki ya pili naingia stoo, chupa tatu mifuniko imelegea. Moja ukiigusa inatoa mapovu mdomoni kama soda. Nilizibeba kwa mfuko wa nailoni, nikazifukia mbali na kuku. Sikuonja, na asionje mtu.

Nikampigia simu mdogo wangu kumgombeza. Naye akaenda kutafuta, akanitumia jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambao mambo haya wameyapima miaka mingi. Kumbe hizo dakika 35 za nyanya za kupondwa kwenye chupa ya nusu lita ni za watu wa chini, wasiozidi mita 300 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia kama mita 900 mpaka 1,800, ambako ndiko tuliko Mwanza, Bukoba na Musoma, ni dakika 45. Chupa ya lita moja ni dakika 55. Jemu, ambayo watu wa pwani wanaichemshia dakika 5 ndani ya chupa, sisi ni 10. Na dakika zinaanza kuhesabiwa maji yakishatokota kweli kweli juu ya mifuniko, yakiwa yamezifunika chupa kwa vidole viwili au vitatu. Ukianza kuhesabu pale yanapoanza kutoa vijipovu pembeni, bado hujaanza.

Sasa hapo ndipo "nusu saa" yenu inapoanguka. Kwa nyanya, nusu saa haitoshi hata kwa mtu wa Tanga.

Kosa langu la pili kwenye zile chupa tatu ni kwamba sikutia limau. Nyanya tunaziona chachu, lakini wapimaji wanasema ziko mpakani. Uchachu hupimwa kwa pH, namba ikiwa ndogo ndivyo kitu kilivyo kichachu, na mstari wa usalama ni 4.6. Nyanya nyingine ziko chini ya mstari, nyingine zinavuka, hasa zilizoiva kupita kiasi, na hizo ndizo tunazonunua kwa kuwa ni bei ya kutupa. Kwa hiyo kila chupa ya nusu lita inataka kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau, ya lita moja vijiko viwili. Na wanataka yale ya limau ya chupa ya dukani, kwa sababu ukali wake umepimwa na haubadiliki, wakati limau la sokoni leo kali kesho maji. Mimi natumia asidi ya sitriki, ule unga mweupe wa watengeneza juisi na ubuyu: robo kijiko cha chai kwa nusu lita. Ladha haiharibiki. Ukiona umezidi uchachu, tia sukari kidogo siku ya kupika.

Na vitunguu, hoho, karoti, kitunguu saumu? Makala yenu ilitoa mapishi ya rosti kamili ndani ya chupa. Hapana. Hivyo vyote havina uchachu, ukivichanganya unainyanyua nyanya juu ya ule mstari. Weka nyanya peke yake. Vitunguu utavikaanga siku hiyo hiyo unapopika, havipotei sokoni.

Nije kwenye samaki, maana huko ndiko roho yangu iliko.

Nina wifi yangu Igombe, mume wake ana mitumbwi miwili. Aliposikia nina sufuria ya kusindikia alikuja na ndoo ya sato, amewaparua na kuwakata vipande, amewatia chumvi na ndimu. Amepanda daladala mbili na ile ndoo magotini. Hesabu yake ilikuwa nzuri: sato akishindwa kuuzika jioni, anaingia chupani, anasafirishwa Dodoma. Tena alikuwa ameambiwa na muuzaji mmoja hapa mjini anayeleta sufuria kama hizi, simtaji, kwamba zinasindika samaki, nyama na maharage, "tatizo hakuna". Nikamwambia wifi, kwangu hawaingii. Akanuna. Akasema mimi nimepata kitu cha Ulaya nakibania. Akauliza, mbona madukani kuna samaki wa kopo? Swali hilo ni la haki, na nalijibu hapa kwa sababu najua si yeye peke yake anayeuliza.

Kuna kijidudu cha udongoni na majini, wataalamu wanakiita Clostridium botulinum. Kikibanwa kinajifungia kwenye gamba kama mbegu, na mbegu hiyo inavumilia maji ya kuchemka kwa saa nyingi, iwe mia ya Dar au tisini na sita yetu. Halafu hakitaki hewa. Sasa wewe unakipikia wenzake wote wafe, unatoa hewa, unakifungia ndani ya chupa isiyopitisha kitu, unakiweka stooni kwenye joto zuri. Umekijengea. Kinachokizuia ni uchachu tu. Chini ya ule mstari wa 4.6 hakioti. Ndiyo maana achari, jemu na nyanya iliyotiwa limau vinakaa. Samaki, nyama, maharage, mahindi mabichi, mboga za majani, havina uchachu huo. Viwanda vinavyofunga samaki wa kopo vinatumia mitambo ya mgandamizo inayofika nyuzi 116 mpaka 121, joto ambalo maji ya sufuria ya wazi hayalifiki kwenye mji wowote duniani. Na tusidanganyane na presha kuka zetu za maharage. Zinapanda na kupoa haraka mno, na nyingi hazina hata saa ya kukuonyesha mgandamizo umefika wapi.

Sumu ya kijidudu hicho mara nyingi haina harufu wala povu. Zile chupa zangu tatu zilikuwa na heri, zilijisema zenyewe. Hii haisemi. Mtu anaanza kuona vitu viwili viwili, kope zinaanguka, ulimi unakuwa mzito, kumeza kunashindikana, kisha misuli ya kupumulia. Anayejiona hivyo baada ya kula chakula cha chupa akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo, asingoje kesho.

Wifi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi tuwakaange." Tukawakaanga. Tulikula sato siku mbili na watoto wa mtaa mzima. Waliobaki aliwapasua, akawatia chumvi ya mawe na kuwaanika, kama wanavyofanya kayabo ya sangara pale Mwaloni Kirumba. Kilichonichekesha ni kwamba yule mwanamke amezaliwa kwenye kuhifadhi. Mama yake alikuwa na vihenge vya michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na nsansa, mboga ya majani iliyokaushwa ya kula mpaka mvua nyingine, hana hata taa ya umeme. Kukausha kunamnyima kijidudu maji, chupa inamnyima hewa, na huyu mmoja hewa haitaki. Nikimweleza hivyo anasema, kumbe mama alikuwa na akili kuliko sufuria yako. Sibishani naye.

Mtanisamehe nimeruka habari ya umeme kukatika, nayo ni muhimu kwetu kuliko kwa Wajerumani. Ukikatika katikati, hesabu imefutika. Mwezi uliopita ulikatika nikiwa dakika ya thelathini kati ya arobaini na tano, ukarudi baada ya saa nzima. Jirani yangu wa kinu, ambaye sasa anajiona mtaalamu, akaniambia malizia hizo kumi na tano. Haiko hivyo. Unarudisha maji yatokote upya, kisha unahesabu arobaini na tano zote tangu moja. Chupa zilipoa, joto la katikati limeshuka, huwezi kuunganisha vipande vya moto kama unavyounga kitenge. Tangu siku hiyo nina jiko la gesi karibu na sufuria kubwa ya kawaida yenye wavu wa chini, maana hata sufuria ya kawaida inafanya kazi hii hii ikiwa inafunika chupa na haziketi moja kwa moja kwenye moto. Ya umeme ina raha yake tu: haitaki kuchungulia moto, koki inamwaga maji yenyewe, na mkupuo mmoja wa nyanya unanila kama uniti tatu na nusu. Anayeweza afanye hesabu na gesi yake.

Na chupa. Tafadhali mwaambie wasomaji wasitumie chupa za mayonezi na za siagi ya karanga wakidhani kioo ni kioo. Nilijaribu. Moja ilipasuka ndani ya maji kwa mlio mkubwa hadi paka akahama nyumba, nyingine tatu mifuniko ilikataa kushika kwa sababu ule mpira mwembamba wa ndani huwa wa kufungwa mara moja. Zangu za vibanio najua zimeshika kwa njia moja tu. Naziacha zipoe usiku kucha bila kuzigusa, asubuhi natoa vibanio vyote viwili, nashika ukingo wa mfuniko kwa ncha za vidole na kuinyanyua chupa nzima kidogo juu ya meza. Ikinyanyuka na mfuniko ukabaki, hiyo inaenda stoo. Ikibaki mezani, inaliwa siku hiyo.

Ninachowaomba ni hiki. Chapisheni sahihisho kwenye ukurasa ule ule wa mapishi, kwa herufi za ukubwa ule ule, mkitaja dakika za huku kwetu na mkifuta "chakula chochote". Na wanaoleta hizi sufuria kuuza wabandike karatasi ya Kiswahili yenye dakika za pwani na za kanda ya ziwa, wamweleze mnunuzi kwamba saa yake inaweza isianze kamwe, asije akadhani ameuziwa mbovu akairudisha, au akaishusha kwenye 90 ili saa ipate kuhesabu. Shangazi mmoja pale Mkolani alifanya hivyo, na alifurahi sana kengele ilipolia.

La mwisho ni shida yangu mwenyewe. Pete za mpira za hizi chupa, kipenyo sentimita kumi, huchoka na kupasuka, na hapa mjini nimezunguka maduka ya vyombo mpaka ya vipuri vya pikipiki sijaziona. Kama kuna msomaji anajua zinapopatikana bila kungoja mtu wa likizo, aandike kwenye ukurasa huu huu. Nimebakiwa na tisa, na embe za Desemba haziko mbali.

Wenu,
Mama Achari,
Nyegezi, Mwanza